Nilitaja Jina la Baba Mkwe Mbele ya Mwenye Timu

Nina umri wa miaka ishirini na minne. Nimemaliza shule ya sekondari ya mapadri, nina diploma, nina meza yangu katika ofisi hapa Élisabethville. Ukiniona asubuhi juu ya baiskeli, kola nyeupe shingoni, utasema: kijana huyu maisha yamemkubali! Laiti ungejua, ndugu msomaji... Bukari, ugali wetu wa hapa, hainishuki kooni. Nimekonda mpaka wenzangu kazini wananiuliza kama nina homa. Na balaa hili lote lilitoka wapi? Kwenye mpira!

Msicheke. Na mimi nilikuwa nacheka zamani.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kufikiri mno. Mama alizoea kusema kwamba nikitumwa chumvi nitarudi mikono mitupu, kwa sababu nimesimama njiani nikijiuliza kama alitaka ya mawe au ya unga. Shuleni mapadri walisifu tabia hiyo. Waliita busara. Lakini kuna siku mtu anatakiwa kusema neno moja, upesi, bila kulipima... na siku hiyo busara yangu iliniangusha.

Nilikuwa na mchumba. Jina lake Véronique. Tulikutana katika kwaya ya parokia, Kamalondo. Sitaeleza uzuri wake, maana machozi yatalowesha karatasi. Niseme tu kwamba alikuwa msichana wa kucheka kwa sauti, na alikuwa mtu pekee aliyeweza kunikatisha mawazo. Akiniona nimekunja uso, ananigonga bega: "Antoine, kichwa yako iko inachemka tena. Funika sufuria!" Nami nacheka.

Baba yake alikuwa kapita, yaani msimamizi wa kazi, katika karakana ya maseremala. Mtu wa kaskazini, wa upande wa Mitwaba, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mkali, mnyoofu kama ubao aliokwisha kuupiga randa. Jina lake Kalenga Gaspard. Jina hili naliandika kwa shida. Mtaona kwa nini.

Mjomba wangu alipopeleka blanketi, kofia na mbuzi nyumbani kwake, na yeye akavipokea, siku ile niliingia katika kile tunachokiita buko, yaani heshima ya ukwe. Wenye desturi yetu wanajua. Ukimwona mkwe njiani unashuka kwenye baiskeli. Humkatizi maneno. Na jina lake hulitamki, si mbele yake, si nyuma yake. Unamwita Tata, basi. Kutaja jina la mkwe wako kwa ubaya ni kama kumvua nguo sokoni.

Sasa, Tata huyu alikuwa pia mwalimu wa timu yetu ya mpira, timu ya Radi.

Mwenye timu alikuwa mfanyabiashara mzungu, mwenye duka kubwa la vitambaa na unga pembeni mwa mji. Watu wa cité, mitaa yetu ya Waafrika, walimwita Bwana Kilo, kwa sababu ya mizani kubwa iliyosimama mbele ya kaunta yake. Jezi zilikuwa zake, mipira yake, lori la kutupeleka kucheza Kambove lilikuwa lake. Tata hakulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Alipewa filimbi na kiti kando ya uwanja. Lakini kwa mtu kama yeye, filimbi ile ilikuwa ufalme.

Miaka ya nyuma Radi ilikuwa inatisha. Kisha makampuni yakawahamisha wachezaji wetu hodari, mmoja baada ya mwingine, kwenda kufanya kazi kwenye migodi ya mbali. Wakabaki vijana wadogo na wazee wenye magoti mabovu. Tukaanza kufungwa. Tukafungwa nyumbani, tukafungwa ugenini, tukafungwa hata na timu ya vijana wa stoo, ambao zamani walikuwa wanatuomba mipira mikuukuu!

Lo, aibu! Jumatatu hukupita sokoni. Mashabiki wa timu nyingine walikaa wanatungoja. "E, ba Radi! Wachezaji benu beko banacheza mpira, ao beko banatafuta franga yenye ilianguka mu majani?" Cité nzima inacheka.

Jioni tulikusanyika kwenye baraza ya Mzee Ramazani, fundi cherehani, mtoto wa Waislamu wa Maniema, aliyeshona jezi zetu tangu mwanzo. Hapo swali lilikuwa moja tu: kwa nini Bwana Kilo hamfukuzi mwalimu?

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengine walisema anamweka kwa sababu hamgharimu kitu. Wengine walisema mzee amezika dawa chini ya kizingiti cha duka, mzungu akiikanyaga kila asubuhi moyo wake unalainika. Wengine walisema ni shukrani ya vikombe vya zamani, na kwamba tajiri mwenye shukrani ni kitu cha kuwekwa kwenye fremu.

Aliyepiga kelele zaidi ya wote alikuwa rafiki yangu Sylvestre, mpiga ngoma wetu mkuu. "Timu inakufwa, na Bwana Kilo eko anacheka tu mu duka yake! Anatuona shiye bantu bure!"

Mzee Ramazani hakunyanyua macho kutoka kwenye sindano. "We Sylvestre, fundi akipewa kipande ya kitambaa ya kufunika goti, atakushonea suruali gani? Mulete kitambaa kwanza, kisha mutukane fundi."

"Mzee, fundi mwenye hasemi kama kitambaa haitoshi, na yeye eko na makosa!"

Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na meno. Na mimi? Mimi nilikaa pale nikitazama viatu vyangu. Nilifikiri Mzee Ramazani ana haki. Nilifikiri na Sylvestre ana haki. Nilifikiri Tata amechoka, na ni vizuri apumzike. Nilifikiri pia kwamba mkwe hatakiwi hata kufikiri hivyo... Kila mtu pale alijua mimi ni nani kwake. Walingoja nisimame niondoke. Sikuondoka! Kwa nini sikuondoka? Mpaka leo najiuliza.

Tukafungwa tena, vibaya. Jioni ile kundi la mashabiki lilivunja matawi, likapita mbele ya ua wa Tata likilia kama watu wa matanga. "Yoo, mama yee, Radi imekufwa! Tumuzikie wapi?" Wanawake wamefunga vitambaa kiunoni, vijana wanajigaragaza kwenye vumbi jekundu. Mama yake Véronique alifunga milango na madirisha. Mtu anayeliliwa akiwa hai, wasomaji wangu, analalaje?

Siku iliyofuata Sylvestre alikuja kwangu. Aliniambia wamekata shauri kutuma wajumbe kwa Bwana Kilo, wamwombe amfukuze mwalimu. Na msemaji ni mimi.

Nilidhani anatania. Nilimwambia: unajua yule ni nani kwangu! Akajibu kwamba ndiyo sababu yenyewe. "Ukisema na muzungu Kiswahili, anakuona boyi. Ukisema Kifaransa, anakutolea kiti. Nani hapa eko na Kifaransa kama yako? Tena weye hausemi ya kwako, unasema ya bantu. Weye uko kinywa tu, ndugu yangu. Kinywa haina buko!"

Kinywa hakina ukwe... Neno hilo liliniingia, nikalibeba kutwa nzima. Nililigeuza hivi, nikaligeuza vile. Mkalimani mahakamani, je, ndiye mwenye kesi? Bomba la maji, je, ndilo mto? Nikikataa watasema nimenunuliwa kwa mapenzi. Nikikubali nitapata nafasi ya kulainisha maneno, nimlinde Tata bila yeye kujua. Mnaona mtego? Nilijisadikisha kwamba kwenda kumshitaki baba mkwe wangu ni njia ya kumsaidia! Ni msomi tu anayeweza kujidanganya kwa ufundi namna hiyo.

Sikumwambia Véronique. Nilisema moyoni: nisimweke katikati.

Tukaenda, Sylvestre, mimi na mwenzetu mmoja aliyekuja kujaza hesabu. Bwana Kilo alitupokea katika chumba kidogo nyuma ya kaunta, na kweli alinitolea kiti. Wenzangu walibaki wamesimama. Upande wa kulia kulikuwa na mlango wa stoo ya unga, haukufungwa vizuri. Niliuona. Nilifikiri: mbona haukufungwa? Kisha nikaanza kuzungumza.

Nilizungumza vizuri, wasomaji. Kifaransa changu kilitiririka. Nilisema habari za huzuni ya mashabiki, habari za heshima ya timu, na kwamba pengine umefika wakati mwalimu apate pumziko alilostahili. Kila mahali nilisema "mwalimu". Nilikuwa natembea kama mtu apitaye kwenye tope na viatu vipya.

Bwana Kilo alinisikiliza akizungusha penseli. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha dukani: "Hapana Kifaransa. Sema Kiswahili, benzako basikie. Munataka mi nafukuza nani?"

Nikajibu: mwalimu, Bwana.

"Mwalimu gani? Mi niko na bantu mingi ya kazi. Eko na jina?"

Jasho lilinitoka, na ulikuwa msimu wa baridi! Nikamwambia Bwana anamjua. Akasema hapana, anataka kusikia. Sylvestre alinisukuma mgongoni kwa kidole. "Sema basi! Unaogopa nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Nilikuwa na nafasi ya kusema: siwezi, ni mkwe wangu. Badala yake kichwa kikaanza kuchemka... kwamba nikisita sasa mzungu atatudharau, kwamba jina ni jina tu, kwamba kinywa hakina buko...

"Kalenga Gaspard," nilisema. "Hawezi tena kazi. Watu hawamtaki."

Bwana Kilo akatabasamu. Akanyoosha mguu, akausukuma ule mlango wa stoo.

Mungu wangu! Tata alikuwa amekaa ndani, juu ya gunia la unga, kofia magotini. Mkononi alishika kitambaa cheupe kilichofungiwa kitu. Hakunitazama. Alitazama kitambaa chake.

"Unasikia, Gaspard?" mzungu akamwambia. "Njo bantu yako hawa. Na huyu, habanasema eko muchumba ya binti yako?" Kisha akatugeukia. "Mu duka yangu, mutu anachagua kitambaa. Hachague mwenye kuuzisha. Mi njo nachagua. Kwendeni!"

Tata alisimama polepole. Akafungua kile kitambaa. Ilikuwa filimbi. Akaivaa shingoni, mbele yetu, akainyoosha kamba. Akasema, "Asante, Bwana. Nimesikia." Akapita katikati yetu, unga umemganda kwenye suruali, akatoka.

Sijui nilifikaje nyumbani. Baiskeli niliisahau ukutani kwa duka, Sylvestre ndiye aliyeniletea.

Wiki haikuisha kabla mdogo wake Tata hajafika kwangu na blanketi, kofia na mbuzi. Mbuzi alilia njia nzima, kwa hiyo majirani wote walitoka kuona. Hakuingia ndani. Aliweka vitu mlangoni, akasema: "Bya kwenu bimerudi. Kwetu hakuna binti ya kuoa." Nikabaki nimeshika kamba ya mbuzi kama mwendawazimu.

Nilimkimbilia Mzee Ramazani. Nilimwomba, kwa kuwa ni mtu mzima na si wa kabila letu, anipelekee kuku mweupe wa kuomba msamaha, kama desturi inavyotaka. Alivaa kanzu yake safi, akaenda na kuku kwapani. Niliketi kwenye baraza yake nikiomba rozari, mbele ya cherehani ya Mwislamu! Alirudi na kuku yuleyule.

"Amenipa kiti, amenipa kahawa, amenisindikiza mpaka barabarani," aliniambia. "Kuku amenirudishia. Mwanangu, mutu mwenye hasira anapiga kelele. Yule hapana. Yule amemaliza."

Nikamuuliza alisema nini. Mzee akanieleza. Tata alisema kwamba kama ningekuja kwake nikamwambia, "Tata, bantu banaomba uache timu," angenisikia, maana nilikuwa mtoto wake. Lakini nilipita mbele ya mlango wake, nikaenda kumtaja kwa mzungu. Basi.

Véronique aliniruhusu kuonana naye mara moja, baada ya misa, nje ya kanisa, mama yake amesimama mbali kidogo anatutazama. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilianza kumweleza jinsi nilivyofikiri kutwa nzima, habari za mkalimani na bomba la maji...

"Antoine, nyamaza." Hakuwa analia. Afadhali angelia. "Unajua papa alienda kwa Bwana Kilo kufanya nini siku ile?"

Nikasema sijui.

"Alienda kurudisha filimbi. Miye na mama tulimulomba, tulimubembeleza mpaka akakubali. Tangu ile matanga ya bantu benu, alikuwa halale. Alisema: naacha, nipumzike, nikae na bajukulu benye Véronique atanizalia. Bwana Kilo akamwambia: ngoja kwanza mu stoo, bantu yako banakuya, usikie. Akasikia. Akarudi na filimbi ku shingo. Ati sasa hataacha mpaka akufwe!"

Kumbe jambo lile tulilokwenda kuliomba lilikuwa tayari mkononi mwake, limefungwa kwenye kitambaa! Kumbe ni sisi tuliolifungua!

Nikamwambia kwamba yeye si baba yake, hasira ile si yake, nikamwambia tunaweza kusubiri. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Ulijua mbele ya kuenda. Ulikaa nayo kutwa nzima mu kichwa. Na miye ulinificha. Siku nyingine utakuwa na jambo la batoto betu, utaenda kuuliza bantu ya baraza?" Akaenda kwa mama yake. Hakugeuka.

Mateso hayakuisha hapo. Tata aliendelea na timu, na sasa aliiendesha kwa kiburi cha mtu aliyejeruhiwa. Aliwaondoa vijana waliosalimiana na Sylvestre. Tukazidi kufungwa. Siku timu ya Kambove ilipokuja, uwanja ulijaa matusi kabla mpira haujaanza. Ilipoingia bao la mwisho, chupa ikaruka kutoka upande wetu ikampata Tata kwenye paji la uso.

Damu! Ilimshuka mpaka kwenye shati lake jeupe la Jumapili. Watu wakarudi nyuma. Yeye alibaki amesimama wima, filimbi mdomoni, kana kwamba mvua tu inamnyeshea.

Nilikuwa karibu, wasomaji. Karibu kuliko wote. Nilikuwa na leso safi mfukoni. Nikafikiri: atakubali mkono wangu? Nikienda akanisukuma mbele ya umma? Nikifika, watu hawatasema ni unafiki?... Nilipokuwa bado nafikiri, golikipa wa Kambove alivuka uwanja mbio, akavua jezi yake, akamfunga nayo kichwa. "Tata, njoo, nikushike." Akampeleka mpaka nyumbani, kifua wazi, katika baridi ile.

Hakuuliza jina la mtu. Hakupima kitu.

Muda mfupi baadaye Bwana Kilo akamfukuza Tata. Bila wajumbe, bila Kifaransa. Mtoto wa dada yake alikuwa amefika kutoka Ulaya na alitaka kitu cha kufanya siku za Jumapili, basi akapewa timu. Kazi ilikwisha kabla kahawa haijapoa. Mashabiki walipiga ngoma mpaka mtaa wa Kenya. Sylvestre alinijia na mtungi wa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi: "Furahi, ndugu! Si tumeshinda?" Nilimwangalia, nikaona kweli haelewi. Kwake yeye ulikuwa mpira tu. Hakupoteza kitu. Na huyo mzungu mpya naye sasa anafungwa, na baraza ile ile inauliza kwa nini mjomba wake hamfukuzi!

Tata aliomba uhamisho kazini, akahamia Kambove na familia yake yote. Mnaweza kubahatisha nani aliwasaidia kupata nyumba. Na mwezi uliopita mtu wa kutoka huko aliniambia, bila kujua anamwambia nani, kwamba golikipa wao ameoa, msichana wa Élisabethville, anayecheka kwa sauti mpaka majirani wanatoka nje.

Nilimshukuru kwa habari. Nikaingia ndani. Nikafunga mlango.

Ndugu zangu, hasa ninyi vijana mliosoma, ninyi mnaoitwa kila siku kuwa wasemaji wa wengine kwa sababu mna Kifaransa kizuri! Nawasihi. Watu wakiwatuma kumshitaki mtu wenu, kataeni palepale, hata kama wana haki. Wana haki yao, na midomo wanayo. Nendeni kwa mtu wenu mwenyewe, mkamwambie ukweli ana kwa ana, kwa heshima, mlangoni pake. Atakasirika? Na akasirike! Hasira ya mlangoni inapoa.

Na msiniandikie kwamba wasichana ni wengi. Hilo nalo nimeshalifikiria, usiku na mchana, kwa pande zote... na kila upande ninaogeukia, ninamkuta yeye.